Vivimbe Majanini: Nani Mwenye Nyumba?

Ndugu msomaji, ni mara ngapi umepita kando ya njia, ukachuma jani la mti wa porini, ukaliona limejaa vinundu kama ngozi ya mtoto mwenye tetekuwanga, kisha ukalitupa? Wengi wetu hufanya hivyo. Wengine husema kwamba jani hilo lina ugonjwa. Wengine husema kwamba hayo ni mayai ya wadudu. Na watoto, ambao macho yao ni makali kuliko yetu, hudhani kuwa ni matunda machanga. Hakuna hata jibu moja kati ya hayo lililofika penye ukweli.

Leo katika safu hii tutazungumza juu ya vinundu hivyo, ambavyo tutaviita vivimbe. Tutaeleza vinatokana na nini, na kubwa zaidi, jinsi mtu wa kawaida, asiye na chombo chochote cha kitaalamu, anavyoweza kumtambua aliyevisababisha. Huenda jambo hili likaonekana dogo mbele ya shida za kulea na kulima. Lakini usilidharau. Kabla hatujaagana utaona jinsi mti wa asili wa visiwa vya mbali ulivyopata mwokozi wake kutoka katika vivimbe vilivyookotwa hapa Tanzania.

FUNDI NI MTI, RAMANI NI YA MDUDU

Kwanza yatupasa kufahamu kwamba kivimbe ni sehemu ya mti wenyewe. Hakikubandikwa juu ya jani kama vile tope linavyobandikwa ukutani na nyigu mjenzi. Mdudu jike, ambaye mara nyingi ni mdogo kuliko punje ya mtama, huchagua jani changa au tumba lisilofunguka bado, akataga mayai yake hapo. Yeye mwenyewe katika kutaga, au buu wake katika kula, huutia mmea kemikali zinazouvuruga. Badala ya kukua kama ilivyozoea, sehemu ile ya jani huanza kujaa, kuumuka na kujikunja hata ikamzunguka mgeni kwa kila upande.

Nyumba hiyo hujengwa kwa ustadi. Mara nyingi ukuta wa nje ni mgumu na wenye ukakasi, ili kuwazuia walao majani. Ndani mna tabaka laini lililojaa chakula, na buu hukaa katikati akila ukuta wa chumba chake bila kutoka nje. Ukakasi huo ndio uliowafaa watu wa Ulaya na Mashariki ya Kati kwa karne nyingi: walivitwanga vivimbe vya mti wa mwaloni, wakavichanganya na chumvi ya chuma, wakapata wino mweusi usiofutika upesi.

Ajabu kubwa ni kwamba kila aina ya mdudu ana ramani yake. Huyu hujengewa kibanda cha mviringo, yule pembe iliyochongoka, mwingine kifuko chenye manyoya. Mti ni mmoja, lakini nyumba ni mbalimbali, kwa sababu wapangaji ni mbalimbali. Hiyo ndiyo sababu tunaweza kumjua mdudu kwa nyumba yake, hata kama yeye hatujamwona.

Usione haya ikiwa jambo hili hukulijua, maana liliwatatiza hata wenye elimu. Katika mwaka 1668 mtaalamu wa Italia aitwaye Francesco Redi alithibitisha kwamba funza wa nyama iliyooza hawazuki bure, bali hutokana na mayai ya inzi. Hata hivyo, alipofika kwenye vivimbe vya miti, alisadiki kwamba mti wenyewe ndio unaozaa wale wadudu waliomo. Ilimpasa Mwitaliano mwenziwe, Marcello Malpighi, kulichunguza suala hilo kwa makini, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1679 akaonyesha kwamba vivimbe huanzia kwenye mayai yanayotagwa na wadudu ndani ya mmea. Redi alikuwa mtu mwerevu. Lakini alimwona atokaye asimwone aliyeingia. Kosa hilo, ndugu msomaji, ndilo tutakalolizungumzia leo tangu mwanzo hadi mwisho.

HATUA TANO

Ukitaka kukitambua kivimbe, fuata hatua hizi kwa utaratibu. Haraka haraka haina baraka.

Hatua ya kwanza, ujue mti. Wengi wa wadudu wajenzi huchagua sana. Huyu hukaa kwenye aina moja tu ya mti, au kwenye miti ya ukoo mmoja. Ukilijua jina la mti, hata kwa lugha ya kijijini kwenu, umekwisha kupunguza idadi ya washitakiwa. Usipolijua, chukua tawi lenye majani, ua au tunda, ukamwulize mzee anayeifahamu miti.

Hatua ya pili, kwangua kwa ukucha. Ikiwa kile kinundu kinabanduka na jani linabaki zima chini yake, basi hicho si kivimbe. Huenda ni mdudu magamba aliyeng'ang'ania jani, au ni mayai. Kivimbe cha kweli hakibanduki bila ya kulichana jani.

Hatua ya tatu, tazama mahali na umbo. Je, kipo upande wa juu wa jani au wa chini, au kimejitokeza pande zote mbili? Kipo kwenye mshipa, kwenye ukingo, au kwenye kikonyo? Kina mdomo au kimefungwa kabisa? Kina manyoya? Yaandike yote hayo. Akili husahau, karatasi haisahau.

Hatua ya nne, pasua. Chukua wembe, na ikiwa unafanya kazi hii pamoja na watoto, wembe ushike wewe. Kata kivimbe katikati polepole, kisha utazame ndani kwa kioo cha kukuzia ukiwa nacho. Hesabu vyumba: ni kimoja au ni vingi? Halafu mtazame aliyemo.

Ukimkuta buu mdogo asiye na miguu, mwenye rangi ya machungwa au ya manjano, yaelekea ni mtoto wa kijiinzi chembamba kinachofanana na mbu. Ukimkuta buu mweupe, mnene, asiye na miguu, aliyejikunja katika chumba kisicho na taka, yaelekea ni wa jamii ya nyigu wadogo. Mabuu hao hawatoi kinyesi mpaka wamalize kula, na kwa hiyo nyumba yao huwa safi. Ukikuta chumba kimejaa kinyesi cha unga unga, mtuhumu kiwavi wa nondo au mtoto wa mbawakawa. Ukiwakuta wadudu wadogo wengi wenye miguu na vipapasio, pengine wamejipaka nta nyeupe, hao ni vidukari au jamaa zao wafyonzao utomvu. Na ukikuta mfuko mdogo wenye mdomo wazi na manyoya ndani, wala humwoni mtu, usidhani kwamba nyumba ni tupu: mara nyingi hao ni utitiri, ambao ni wadogo mno kwa macho yetu. Utitiri si wadudu hasa, bali ni jamaa ya kupe na buibui.

Ikiwa hukuti chumba chochote, bali nyama tupu ya mti au unga wa rangi ya kutu, basi fikiria ukungu. Migunga, kwa mfano, huota vivimbe vya namna hiyo kwa sababu ya ukungu wa kutu, na mdudu hahusiki.

Hatua ya tano ni kufuga, nayo tutaifikia baadaye kwa kuwa ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko zote.

WANAOSINGIZIWA

Katika mbuga zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, nchini Kenya na Tanzania, uko mgunga mfupi ambao miiba yake imevimba kwenye mashina ikawa kama ndimu nyeusi zenye pembe. Upepo ukivuma juu ya matundu yake, mti hupiga miluzi. Ukiugusa, sisimizi wakali hutoka ndani ya vivimbe wakakushambulia. Watu wengi, nao si wajinga, husema kwamba sisimizi ndio waliovisababisha vivimbe hivyo. La hasha! Mgunga huo huvikuza wenyewe hata pasipo sisimizi hata mmoja. Sisimizi hutoboa tundu tu na kuhamia, kisha hulipa kodi kwa kuwauma wanyama wanaokuja kula majani, hata tembo. Kumkuta mtu ndani ya nyumba si ushahidi kwamba aliijenga yeye.

Tena si kila mjenzi ni adui. Pasua tunda la mkuyu, utawakuta nyigu wadogo sana. Hao hutaga ndani ya baadhi ya vijiua vilivyofichika mle, na kila kijiua kilichopata yai hugeuka kuwa kivimbe cha kulelea buu mmoja. Majike wakikomaa huondoka na chavua ya mkuyu, wakaipeleka kwenye mkuyu mwingine. Bila wao mkuyu wa porini usingepata mbegu. Mti hutoa sehemu ya vijiua vyake kama mahari, nao hupata kizazi.

Lakini wapo pia waharibifu wa kweli. Mvule ni mti unaosifika kwa mbao, na kila aliyeona mlango au kitanda imara huenda aliuona mvule bila kujua. Wengi waliojaribu kuotesha miche yake kwa wingi wamesikitika kuiona ikidumaa na vilele vikifa. Mkosaji mmojawapo ni mdudu mdogo afyonzaye utomvu, wa jamii inayoitwa Phytolyma. Jike hutaga kwenye machipukizi. Watoto wakianguliwa hujipenyeza katika tumba changa, na mti huwafunika upesi kwa kivimbe cha kijani chenye majimaji. Wakikomaa, kivimbe hupasuka na wadudu wakaruka. Jeraha linaloachwa huoza, ukungu ukaingia, na chipukizi likafa kuteremka chini. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa mjenzi anajulikana, na kwa hiyo la kufanya nalo linajulikana: chipukizi lenye vivimbe ambavyo havijapasuka likikatwa na kuteketezwa, waliomo hawaendi kutaga kwingine.

MTEGO WA CHUPA

Sasa tuje kwenye hatua ya tano. Ukitaka kumwona mdudu kamili, chuma majani yenye vivimbe vilivyokomaa, uyatie katika chupa yenye mdomo mpana, ufunge mdomo kwa kitambaa chepesi, uiweke kivulini. Weka ndani kipande cha karatasi kinachonyonya unyevu ili majani yasiote ukungu. Andika juu ya chupa jina la mti, mahali na tarehe. Baada ya siku au majuma kadhaa wadudu watatoka.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu huona nyigu mweusi akitoka katika kivimbe, akatangaza: huyu ndiye aliyekisababisha! Kumbe nyumba hizi haziishi wageni. Wapo wanaoingia na kuishi na mwenyeji wakila ukuta wake. Wapo vilevile nyigu ambao kazi yao ni kumtafuta mjenzi ndani ya kivimbe, kumtagia yai juu yake au karibu yake, na buu wao humla mwenye nyumba mpaka akamwisha. Kwa hiyo huyo atokaye chupani huenda si mjenzi, bali ni muuaji wa mjenzi. Njia ya kuwatenganisha ni uvumilivu: pasua vivimbe vichanga na vikavu, ulinganishe, angalia ni nani anayekutwa katika vivimbe vichanga kabisa, hesabu wanaotoka kwa kila aina, wala usitoe hukumu kwa kivimbe kimoja.

Huenda ukauliza, tofauti hiyo ina faida gani kwetu? Sikiliza habari za mwamba-ngoma.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Mwamba-ngoma ni mti wetu wa porini wenye majani matatu matatu, maua mekundu kama kaa la moto, na mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto hupenda kuzichezea. Mti huu una ndugu zake wengi duniani. Mmoja wao huota katika visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki, na wenyeji huuita wiliwili. Haupatikani kwa asili mahali pengine popote. Mbao zake ni nyepesi, na wazee wa huko walizitumia kuchongea mbao za kutelezea juu ya mawimbi, maboya ya nyavu na matengo ya ngalawa.

Mwaka 2004 wataalamu walimpa jina nyigu mpya, Quadrastichus erythrinae, kutokana na wadudu waliopatikana Singapore, Mauritius na Réunion. Jike lake lina urefu wa milimita 1.5 hivi. Hutaga katika majani na machipukizi machanga ya miti ya ukoo wa mwamba-ngoma, nayo huvimba na kupindana. Mwezi Aprili 2005 nyigu huyo alionekana Hawaii, na katika muda wa miezi michache alikuwa amekwisha enea katika visiwa vyote vikubwa. Miti ya ukoo huo iliyokuwa imepandwa kandokando ya barabara na mashamba ilikufa kwa wingi. Wiliwili nao ukaanza kupukutisha majani, na watu wakakusanya mbegu zake haraka ili wazihifadhi, wakihofu kwamba mti wao utatoweka.

Wataalamu walijiuliza swali la busara: nyigu huyu ametoka wapi, na huko kwao ni nani anayemzuia? Dalili zilielekeza Afrika, ambako miti ya ukoo huu ina vivimbe lakini haifi. Wakaja kutafuta. Katika vivimbe vya miti hiyo hapa Tanzania wakampata nyigu mwingine, ambaye mwaka 2008 alipewa jina la Eurytoma erythrinae. Huyu hakuwa mjenzi. Buu wake humla mjenzi, kisha hutoboa ukuta akaingia chumba cha pili, na cha tatu, akiwala majirani mmoja baada ya mwingine.

Hawakumwachia ovyo. Kwanza walimfungia na kumjaribu, wakathibitisha kwamba hatawadhuru wadudu wengine wa huko, na mwezi Novemba 2008 wakamwachia huru Hawaii. Katika miaka iliyofuata wiliwili ulianza kurudisha majani yake. Shida haikwisha yote, kwa maana maua na machipukizi bado hushambuliwa; lakini mti uliokuwa ukielekea kaburini ulisimama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyo alitoka kwetu, ndani ya kivimbe ambacho sisi tunakipita njiani kila siku.

Tafakari basi, ndugu msomaji. Lau wale watafutaji wangesema kwamba kila atokaye katika kivimbe ni mharibifu, wangemwua mganga pamoja na mgonjwa. Nasi tunaweza kufanya kosa hilohilo bustanini. Anayekimbilia kupulizia dawa ya sumu juu ya vivimbe mara nyingi hamfikii buu aliyejificha ndani ya ukuta mnene. Anaowaangamiza ni wale nyigu wadogo wanaozunguka nje wakimwinda buu huyo. Kesho yake adui anatoka salama, na askari wamekwisha kufa.

Lipo na funzo la pili. Mdudu aliye mpole kwao anaweza kuwa msiba ugenini, kwa kuwa amewaacha adui zake nyuma. Afrika Mashariki nayo imelionja hilo: nyigu wa vivimbe vya mikaratusi, ambaye asili yake ni Australia, aligunduliwa Kenya na Uganda mwaka 2002, na Tanzania mwaka 2005. Kwa hiyo usihamishe miche yenye vivimbe kutoka wilaya moja hadi nyingine, hata kama umepewa zawadi na rafiki. Mwonyeshe kwanza bwana shamba au bwana misitu.

Juma hili, unapokwenda kuteka maji, kutafuta kuni au kutembea na watoto, chuma jani moja lenye vivimbe. Uliza jina la mti. Kwangua, tazama, pasua, kisha weka mengine katika chupa na uandike tarehe. Waachie watoto kazi ya kulinda chupa na kuhesabu watokao, na wakikuletea habari kwamba mdudu ametoka, waulize swali hili kabla hamjampa jina: huyu ni mwenye nyumba, au ni mgeni wake?